Mwiko Uliompiga Mbuzi wa Mzee Ekiru

Kendi,

Salamu nimemwachia mama yako azigawe, kwa sababu yeye ana mkono wa kugawa, na mimi nikianza salamu huwa naishia kwenye masengenyo. Umeenda kwa shangazi yako kumuaga. Namjua dada yangu: hatakuachilia kabla hajakujaza tumbo, na masikio pia. Kwa hivyo nina alasiri nzima. Nimekaa hapa nyuma ya nyumba karibu na magunia ya spinachi, karatasi nimeiweka juu ya karai lililopinduliwa, na kuku wananitazama kama wakaguzi wa elimu. Darasa la tano nililiona nusu. Nusu ile nyingine niliiona kupitia dirisha, nikiwa nje nimepigishwa magoti. Ukikuta neno limelala, liinue mwenyewe uendelee.

Simu ninayo, ndiyo. Lakini simu unaweza kunikatia, na tangu Jumapili una sababu. Barua haikatiki. Utaisoma kesho juu ya lori, umekalia unga wako, na hutakuwa na pa kukimbilia isipokuwa kuruka. Usiruke, mama yako ataniua.

Mambo ya neti ya mbu, sweta, na kupiga simu ukifika, hayo sitayagusa. Mama yako ameyasema, kesho atayasema tena, na lori likiondoka atakimbia kando yake akiyasema. Mimi nataka kuongea juu ya spinachi. Na juu ya kicheko.

Jumapili tulikuwa tumetoka kanisani, tumekaa mezani, mjomba wako Kirimi amejialika kama kawaida yake. Ukaweka kijiko chini, ukasema kwa sauti ya mtu aliyejizoeza mbele ya kioo:

"Baba, nimepata kibanda Oldonyiro, karibu na soko la mifugo. Nafungua hoteli. Wiki hii naenda."

"Hoteli ya nini?" Kirimi akauliza, mdomo umejaa.

"Chai, chapati, nyama, maharagwe. Na spinachi."

Hapo ndipo nilipocheka. Na sikucheka kidogo. Chai ilinitoka puani. Kirimi akapata nguvu: "Spinachi kwa wachungaji! Kendi, hao watu wakiona majani wanaita mbuzi!" Mama yako akanirushia teke chini ya meza, likampata Kirimi, ambaye pia alistahili. Ulikusanya sahani zote, hata ya Kirimi iliyokuwa bado na chakula, ukaenda nazo jikoni.

Tangu siku hiyo unanijibu "Ndiyo Baba", "Sawa Baba". Mtoto niliyemlea mwenyewe akianza kuniambia "Ndiyo Baba", najua nyumba ina mgonjwa. Na kitu kimoja tu kinanisumbua leo: kwamba utapanda hilo lori ukidhani babako alicheka kwa sababu anaona huwezi. Ukienda hivyo, kila mtu akikucheka huko utasikia sauti yangu ndani yake. Na watakucheka, Kendi. Hiyo siwezi kukuficha. Sasa ngoja nikuambie kwa nini mimi nilicheka.

Ile hadithi ya hoteli yangu ya Oldonyiro umeisikia tangu ukiwa mgongoni. Najua pia umeona kwamba kila nikiisimulia yule mbuzi anakuwa mkubwa. Krismasi iliyopita alifika karibu na ngamia. Leo nitamrudisha kwa kipimo chake. Alikuwa mbuzi wa kawaida, mweupe mwenye kichwa cheusi, jike, na tumbo lake halikuwa na adabu.

Nilikuwa kijana. Siku hizo, amini usiamini, nilikuwa mtu wa heshima. Nilikuwa navaa koti. Nilimwambia babu yako mezani, karibu kwa maneno yale yale yako, kwamba naenda Oldonyiro kufungua hoteli, na kwamba nitawafundisha wale watu kula mboga. Babu yako hakucheka. Aliinuka akaenda kukatia ng'ombe majani. Kwa hivyo Jumapili, uliposema "na spinachi" huku umeinua kidevu, nilijiona mimi mwenyewe hapo mezani, nimevaa sketi. Nani hangecheka?

Basi nilifika, nikajenga kibanda changu cha mabati karibu na soko. Spinachi nilikuwa naletewa kutoka hapa Isiolo na lori linaloenda kuchukua mbuzi. Kosa langu la kwanza lilianzia hapo. Nilimwachia dereva anichagulie. Dereva anajua matairi. Alikuwa ananiletea majani makubwa kama masikio ya ndovu, kwa sababu aliona makubwa ndiyo faida. Spinachi ikikua hivyo, lile shina jeupe linakuwa na nyuzi kama kamba ya katani, na jani linakuwa na uchungu wa mtu aliyekosa urithi. Wewe chukua jani lisilozidi sana kiganja chako na vidole. Likunje shina. Likivunjika kwa mlio, limechumwa leo. Likipinda bila kulalamika, hilo ni la juzi, na maji yanayong'aa juu yake ni ya muuzaji wala si ya umande. Tena angalia pale lilipokatwa. Kukiwa kumekauka na kuwa kahawia, mwambie mama wa soko asante, na mbwa wake anaendeleaje, uende zako. Vitundu vidogo visikuogopeshe. Mdudu akionja mboga anakusaidia kazi. Jani ambalo hata mdudu amelikataa, mimi pia huliogopa kidogo.

Nikaanza kupika. Wiki zikapita, nyama inaisha, chai inaisha, spinachi inabaki inaniangalia. Nikaona labda hawajaelewa. Nikasimama mlangoni na koti langu, nikaanza kuwatangazia vile nilikuwa nimesikia kliniki:

"Wazee, hii mboga inaongeza damu!"

Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango, na huyo ndiye Mzee Ekiru, Mturkana mwenye mbuzi wengi kuliko maneno, akanitazama kutoka viatu hadi kola. Akasema:

"Damu? Sisi damu tunatoa kwa ng'ombe, tunakunywa. Sasa wewe unazunguka na majani ya nini?"

Soko lote lilicheka. Mimi nikaingia ndani kupanga vikombe vilivyokuwa tayari vimepangwa.

Kwa hivyo usimwambie mtu yeyote habari ya damu. Usimwambie habari ya vitamini. Mtu mwenye njaa hataki kutibiwa.

Sasa siku ya mbuzi. Ilikuwa siku ya soko, vumbi hadi kwenye meno. Nilikuwa nimefungua gunia la spinachi nikalitandaza juu ya benchi mbele ya kibanda ili lipumue, nikaingia kuchochea moto. Nikasikia kicheko nje. Natoka, nakuta huyo mbuzi jike amepanda benchi kwa miguu ya mbele kama mheshimiwa anayehutubia, anakula spinachi yangu. Tena anachagua! Makubwa anayasukuma kando kwa pua, anakula yale madogo. Na wanaume wote wa soko wamesimama duara.

"Mpishi!" mmoja akaniita. "Mteja wako amefika!"

"Mpe kiti!" mwingine akasema.

"Muulize kama anataka na ugali!"

Mwanangu, hasira zilinipanda. Mkononi nilikuwa na mwiko. Nikampiga mbuzi matakoni, paa! Si kwa nguvu sana. Krismasi huwa nasema alianguka. Hakuanguka. Alinigeukia tu, jani linaning'inia mdomoni, akanitazama vile mama yako hunitazama nikiimba kanisani.

Lakini kile kicheko kilikatika kama kamba. Huko mtu hampigi mbuzi wa mwenzake hivyo tu. Na mwenye mbuzi alikuwa nani? Mzee Ekiru. Alikuja polepole, akamshika mbuzi wake sikio, akauangalia mwiko wangu, akaniangalia mimi.

"Kijana," akasema, "mbuzi iko hai inaguswa na fimbo. Mwiko inagusa nyama. Wewe umeita mbuzi yangu nyama, na mimi niko hapa nasimama."

Wazee wakakaa chini pale pale, kwenye kivuli cha kibanda changu mwenyewe, kunijadili. Nikaona nitatozwa mbuzi, na mbuzi sina. Krismasi huwa nasema nilisimama nikawajibu kwa hoja. Ukweli ni kwamba nilikuwa nyuma ya gunia la makaa, najifanya nalihesabu.

Mwishowe Ekiru akaniita. "Mbuzi yangu haili takataka," akasema. "Imepita soko nzima. Imeacha maganda ya huyu, imeacha mahindi ya yule, imekuja kukula hii yako. Iko kitu imeona. Basi faini yako ni hii: tupikie hiyo kitu. Wazee wote. Tuone kama mbuzi ilikuwa mjinga ama ni wewe."

Unaona mtego huo? Nikipika vibaya, mimi ndiye mjinga, tena kwa hukumu halali ya wazee.

Na siku hiyo, Kendi, kila kitu kilikataa. Mwenye punda wa maji hakuja. Nilikuwa na maji ya karai moja tu. Mafuta yalikuwa yamebaki chini ya mkebe, ya kupaka nywele tu. Mimi nilikuwa nimezoea kupika spinachi vile mamangu alipika kila kitu cha kijani: maji mengi, moto mwingi, hadi iungame. Ikitoka hapo inakuwa kama kitu kimetolewa kwenye mtaro, na lile vumbi la udongo kwenye ladha linabaki. Hivyo ndivyo nilikuwa nimewapikia wiki zote hizo. Walikuwa na haki ya kuikataa, na mimi nilikuwa nalaumu kabila lao.

Bila maji, ilibidi nifikirie. Jambo ambalo kwa kawaida naliepuka.

Majani niliyaosha mazima kabla ya kuyakata, kwa hayo maji ya karai. Sikumwaga maji juu yake. Niliyazungusha, nikayaacha yatulie, halafu nikayainua taratibu kwa mikono miwili, mchanga ukabaki chini. Shika hilo, kwa sababu Oldonyiro upepo utakuwekea mchanga hadi kwenye sukari. Ukimwaga maji na majani pamoja, mchanga unarudi kukaa palepale, na mchungaji akiuma changarawe hatakusamehe. Na hayo maji ya kuoshea usiyatupe. Mwagilia nayo magunia yako ya miche.

Nikaangalia sufuria. Nilikuwa nimeijaza majani hadi kifuniko kinapanda juu kama kofia ndogo kwa kichwa kikubwa. Nikasema, hii itawatosha wazee na wake zao. Wewe unajua kilichotokea. Spinachi ni kama ahadi ya mgombea, jifunze mapema. Inaingia mlima, inatoka kichuguu. Nikageuka kuchukua chumvi, narudi, imekaa chini ya sufuria kama soksi imevuliwa. Wazee wamejaa nje, wananoa visu vyao vidogo kwa ajili ya nyama, na mimi nina kijiko kimoja kwa kila mdomo.

Kilichoniokoa ni mashina. Nilikuwa nimeyakata nikayaweka kando ili nitupe, kama watu wengi wanavyotupa. Nikayatoa majani sufuriani, nikayarudia mashina, yale laini, nikayakatakata madogo kama kitunguu. Mzee mmoja alikuwa amebeba samli kwenye kibuyu, nikamwomba kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuwa nao tena. Kitunguu kwa samli. Halafu mashina, yapate muda wao, yanahitaji kuliko majani. Halafu vipande vidogo vya nyama niliyokuwa nimeichemsha asubuhi. Majani nikayarudisha mwisho kabisa, bila kufunika, nikayageuza mara chache. Kitu kikaanza kushika chini. Maji hakuna. Nikachukua maziwa ya chai nikamimina kidogo. Na chumvi baada ya yote, kwa sababu ukiitia mapema inayaliza majani, na majani yakilia unapata supu.

Maziwa yale niliyatia kwa kukata tamaa tu. Lakini ule ukakasi wa spinachi, ule unaokufanya uone kama meno yamevaa sweta, ukaisha. Kukabaki kitu laini, chenye harufu ya samli. Harufu ya nyumbani kwao, Kendi, si ya kwangu. Ndiyo hiyo ninayotaka uishike kuliko zote. Mimi nilikuwa nimewaletea mboga yangu na mapishi ya mama yangu, nikashangaa kwa nini hawamsifu mama.

Nikawagawia. Kijiko kimoja kimoja. Mzee Ekiru akaonja wa kwanza, na wengine wote wakangoja uso wake. Akatafuna. Akatafuna tena. Mbuzi wake amefungwa kwa mguu wa benchi, anatazama. Mzee akameza, akanyoosha bakuli aongezwe, na nikamwambia imeisha. Akamgeukia yule mbuzi, akamwambia kwa heshima kabisa:

"Ulijua."

Basi. Soko zima likaangua kicheko, faini ikaisha, na hakuna kitu kinacholeta hamu kama kijiko kimoja. Siku ya soko iliyofuata walikuja kibao. Wanaingia, wanakaa, wanapiga meza: "Lete ile chakula ya mbuzi!"

Krismasi huwa naishia hapo. Mnapiga makofi, Kirimi anaomba chai nyingine. Lakini wewe ulishawahi kuniuliza, ukiwa mdogo, mbona basi hatuishi Oldonyiro. Nilikujibu ukame. Ukame ulikuwepo, siusingizii. Lakini hoteli ilikuwa imeanza kufa kabla ya nyasi.

Ni hivi. Walipoiita chakula ya mbuzi, mimi niliudhika. Mimi! Mtu wa koti! Mtu akisema "lete chakula ya mbuzi", namrekebisha: "Bwana, inaitwa spinachi." Akirudia, nasema haipo. Kuna kijana mmoja alilia kama mbuzi akiingia mlangoni, meee, marafiki zake wakafurahi, na mimi nikamfukuza. Pamoja na marafiki zake. Pamoja na njaa yao. Mwishowe nikachukua chaki nikaandika mbele ya kibanda kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA CHAKULA YA MBUZI. Mzee Ekiru akaomba asomewe. Akasomewa. Akasema, "Aa, imeisha?" Akaenda. Sikumwita. Hakurudi, na pale Ekiru haendi, wazee hawaendi.

Nilikuwa na watu wanaotembea kutoka mbali, wenye njaa na pesa, wanaocheka mlangoni kwangu, na nikawafukuza kwa sababu hawakucheka vile nilivyotaka.

Mtu akicheka, Kendi, mdomo wake uko wazi tayari. Kazi iliyobaki ni ndogo.

Nilirudi Isiolo bila koti, nililiuza njiani, na hapo ndipo nilianza kuwa mtu wa mzaha. Mama yako alikuwa anauza vitunguu sokoni. Tulikuwa tunajuana kidogo. Akaniuliza, "Umerudi na nini?" Nikamwonyesha, kwa sababu nilikuwa nacho mkononi: mwiko. Akaucheka, akanicheka na mimi, akacheka hadi akashika meza. Nikasikia kile kisirani cha koti kinapanda. Nikakimeza. Ndio mara ya kwanza nilikimeza, na angalia faida: wewe. Aliponyamaza alisema maneno mawili tu: "Basi pika." Akanipa vitunguu.

Sasa unaelewa ninachokuomba. Usifanye na kicheko changu vile mimi nilifanya na chao. Usikiandike kwa chaki mlangoni.

Yaliyobaki ni madogo. Wakiiita chakula ya mbuzi, iandike hivyo ukutani, uchore na mbuzi. Wewe huchora vizuri kuliko mimi. Anza na chapati: chemsha majani kidogo tu, ponda, kanda na unga, zitoke kijani. Watacheka rangi, watakula hadi wajilambe vidole. Mzee aonje kabla ya vijana. Akikataa, usimbembeleze mbele ya rika lake, mpe chai, mwache. Kesho atamtuma mtu. Pika kidogo kidogo, kila wanapoingia. Spinachi iliyolala kwenye sufuria tangu asubuhi inakuwa nyeusi, na ukiipasha unaidhulumu. Na ukipanda kwenye magunia nyuma ya kibanda, weka miiba kweli kweli. Mzee Ekiru alishalala, Mungu amrehemu, lakini vitukuu wa yule mbuzi wapo. Utawatambua kwa adabu yao.

Kuchuma unajua, nilikufundisha ukiwa bado unavaa viatu kwa kubadilisha miguu. Majani ya nje tu, kwa kuyavunja kuelekea chini, na yale madogo ya katikati unayaacha yafanye kazi. Mhubiri akipata hapo angefanya ibada nzima, kwamba mtoto ni jani na mzazi ni shina na sijui nini. Mimi nasema tu, chuma ya nje. Haya yako hapa nimeyachuma asubuhi, yamefungwa kwa kitambaa kibichi ndani ya karai lako. Yamechaguliwa na mimi, si dereva. Yatafika.

Biashara ikikubali, nitakuja siku ya soko, nikae karibu na mlango, na nitakosoa kila kitu. Ikikataa, njoo nyumbani. Usikae huko ukikauka kwa kuogopa uso wa Kirimi. Uso wa Kirimi hata sisi tunauogopa, na tumezoea. Mimi nilikaa msimu mzima zaidi ya ilivyofaa, nikipika kwa hasira, kwa sababu sikutaka babu yako aseme kitu. Nilipofika nyumbani hakusema kitu. Aliniuliza kama nimekula.

Babu zetu wangekubariki kwa kukutemea mate kifuani. Mimi meno yaliyobaki ni machache na sina shabaha tena, ningempata mama yako. Kwa hivyo nimefanya hivi: fungua ule mfuko wa unga, ingiza mkono hadi chini. Umeupata? Ndio wenyewe. Ule uliokuwa unauomba tangu ujue kupika, na mimi nakuambia ngoja nife. Nimeona kufa kunachelewa. Ule ukingo wake uliomeguka si kazi ya mbuzi, usiwaongopee watu. Niliumegua mwenyewe kwa kugonga ukoko wa ugali. Mbuzi hakupata hata alama.

Nakuja kuona unavyoukamata. Na kicheko cha Jumapili, kiweke kwenye sufuria na kitunguu, kitalainika.

Nasikia geti. Ni wewe, na unaimba, kwa hivyo shangazi yako amekulisha vizuri. Nitaificha hii chini ya kuku hadi kesho.

Usimpige mbuzi wa mtu na huo mwiko.

Na ukimpiga, basi pika.

Babako